Wali wa Zambia

Juzi nilipita shule moja kule Isansa nikakuta watoto wanapaka ubao kwa mkaa uliotwangwa pamoja na majani ya viazi. Harufu ile mbichi, ile ile ya ubao wetu wa zamani, ikanijaa puani, na papo hapo nikamkumbuka mtu ambaye sijamheshimu tangu nilipopata akili: mwalimu wetu wa Maarifa ya Jamii pale Tunduma, nikiwa darasa la tano.

Bwana yule alitoka mbali, na alijiona kama katupwa porini. Alikuwa na kitabu kimoja kilichochakaa, na yote aliyoyakuta humo aliyaita "mambo ya msingi". Siku ya somo la Zambia akaandika ubaoni kwa mbwembwe: mji mkuu Lusaka, uhuru mwaka 1964, fedha kwacha, madini shaba, chakula kikuu wali. Wali! Jamani, Zambia yenyewe ilionekana dirishani. Majogoo wa kule ndio waliotuamsha. Yeye hajawahi kuvuka hata kununua sabuni, eti anaogopa kukamatwa, wakati bibi zetu walikwenda na kurudi kabla ya chai. Debe tupu haliachi kuvuma.

Sisi Wanamwanga tuko pande zote mbili. Mama mkubwa wangu aliolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na binti yake Namwinga alivuka kila asubuhi na sare yake kuja kusoma nasi, maana Kiingereza cha shule za kwao kilikuwa kimemshinda. Aliandikishwa kama mtoto wa nyumba yetu ya Chapwa, pale pale Tunduma. Ukoo mzima ulijua, na ukoo mzima ulinyamaza.

Namwinga akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwetu hatuli wali. Wali ni wa Krismasi. Tunakula ugali, kama nyie."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akavimba. "Kwenu wapi?"

Namwinga akainamisha kichwa. Mwalimu akanigeukia mimi. "Wewe si ndugu yake? Huyu analala wapi?"

Sasa nawaambia ninyi, na mkitaka kunidharau, nidharauni. Wiki ile mwalimu alikuwa anachagua watoto wa kwenda chemsha bongo Vwawa. Wangepanda gari, wangekunywa soda, chupa nzima kila mtu. Nikasimama, mikono nyuma, kama tulivyofundishwa.

"Nakonde, mwalimu."

"Kumbe tunafuga wageni humu!" alisema, na alifurahi, mjinga yule, alifurahi kweli. Namwinga akaambiwa akusanye madaftari yake. Kesho yake mama mkubwa akaja, akapiga magoti ofisini kwa mwalimu mkuu, wapi! Shule ya kwao ikamrudisha darasa la pili, akiwa mrefu kuliko watoto wote mle ndani. Alivumilia muhula mmoja, akaacha.

Mimi nikaenda Vwawa. Nikaulizwa chakula kikuu cha Zambia. Ugali wa mama mkubwa nilikuwa nimeumega Jumapili zisizo na idadi, na mboga za maboga zenye karanga nikalamba hadi kiganja. Nikajibu, "Wali." Wasahihishaji wakachungulia kitabu kile kile, vichwa vitatu vikubwa vya watu wazima, wakatikisa kukubali. Nikapigiwa makofi.

Niliporudi na kusimulia, mama hakuacha kupepeta mahindi yake. Alisema tu, "Haya. Kaule huo wali."

Kwa miaka mingi nilimtupia lawama mwalimu, na dharau nilizonazo kwake sizipunguzi hata chembe. Lakini nimekua, nimezaa, na nimeelewa kitu kinachonichoma. Yule alisema uongo kwa sababu hakujua. Mimi nilisema kweli, tena mara moja tu, na kabla sijafungua mdomo nilishajua itamfanya nini Namwinga.