Pale Nilipoambiwa Inatosha

Juzi kwenye foleni ya dukani hapa Tunduma, mtu wa mbele yangu alikuwa amejipaka dawa ya kuchua, ile kali inayochoma macho. Nilitoka kwenye foleni bila kununua sabuni. Nilipokuwa na miaka kumi, hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya mama.

Baba alikuwa amempiga mpaka akamtegua bega. Mama akasema safari hii anarudi kwao Isansa, kwenye kahawa, na mimi ananichukua. Kwao ni Wakristo. Yeye alisilimu alipoolewa. Basi Jumapili moja mchana ndugu wa baba wakakaa sebuleni kuamua kama aende au abaki. Niwaambie ukweli, mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo twende.

Baba mkubwa, aliyeongoza kikao, aliniita. Madrasa nilikuwa nimefika mbali katika Suratun-Nisaa, kwa kuhifadhi tu. Hakuna aliyenifundisha maana yake. "Tusomee pale, mama," akasema, akanitajia aya. Kwa aibu nilifumba macho, nikasoma. Nilipomaliza nikavuta pumzi niingie aya inayofuata, maana ulimi ulishazoea kuteleza humo. Baba mkubwa akainua kiganja.

"Inatosha, mama. Mmesikia wenyewe. Mume ndiye msimamizi, na ameruhusiwa kumtia adabu mkewe."

Mama akasema taratibu, "Shemeji, naomba kaka yangu wa Isansa aitwe, naye asikilizwe."

"Kaka yako hajui hata kibla ni upande gani. Aje atuamulie nini?"

"Atatuletea kahawa," shangazi akadakia, watu wakacheka. Na mimi nilicheka kidogo, kwa sababu shangazi alikuwa ananitazama.

Mama alibaki. Begi alilokuwa amelifunga kwa mkono mmoja nililifungua mimi, nikarudisha nguo kabatini.

Mwaka huu, kidato cha tatu, mwalimu wetu wa dini, mama mmoja mpole, alitusomesha aya ile kwa tafsiri. Akasema lile neno la kupiga wanazuoni wanalibishania mpaka leo, na kwamba Mtume mwenyewe hakuwahi kumpiga mwanamke. Halafu akasema, "Msiishie hapo. Someni inayofuata."

Nikasoma. Ilisema wakiogopa mfarakano, atafutwe mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume, na mwamuzi kutoka kwa jamaa za mke. Niliomba ruhusa ya kwenda chooni, nikakaa huko mpaka kipindi kikaisha.

Kumbe siku ile mama hakuwa anaomba fadhila. Alikuwa anaomba haki iliyoandikwa, bila yeye kujua kwamba imeandikwa, na mimi nilikuwa nayo mdomoni.

Sijamwambia. Mama bado huwasimulia wageni jinsi binti yake alivyosoma vizuri siku ile mpaka wakubwa wakanyamaza. Akianza tu, mimi huinuka nikaenda kuosha vyombo, hata kama ni safi.