Ukurasa wa Pili wa Barua

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na akina mama waliokuja kwenye kituo chetu cha afya hapa Kamina walilijua hilo kuliko mke wangu. Nilikuwa muuguzi mkuu wa kituo. Waliniita docta, ingawa udaktari sikuusomea, nami sikuwakatalia. Utamu wa cheo, bwana, mtu hautemi hivi hivi.

Corona ilipoingia nchini, mtu wa pikipiki alituletea barua kutoka ofisi ya zone ya afya, wakubwa wetu. Ilikuwa na muhuri, na katikati ya ukurasa wa kwanza kulikuwa na maneno yaliyokolezwa wino: mikusanyiko yote ya watu imekatazwa. Nilisoma mpaka hapo. Kwetu karatasi yenye muhuri haisomwi, inabandikwa. Nikaipigilia mlangoni kwa misumari miwili ya juu, nikatangaza kwamba kilo ya Jumatano imefungwa. Kilo ndiyo siku ambayo akina mama huleta watoto kupimwa uzito, na hapo hapo watoto huchanjwa.

Jumatano iliyofuata alikuja mama mmoja anayeuza samaki wakavu wa Kinkondja karibu na pale gari la moshi linaposimama. Mgongoni alikuwa na binti wa miezi tisa, mnene, wa kuchekea kila mtu, hata mimi. Miezi tisa ndiyo wakati wa sindano ya surua.

"Docta, leo njo randevu ya mutoto," akasema, yaani leo ndiyo siku aliyopangiwa mtoto.

"Mama, hauone barua? Kilo iko yakufungwa. Rudia kwako."

"Eyo vidye," akaitika, ndiyo bwana ya Kiluba chetu, akaondoka.

Alirudi Jumatano ya pili, akarudi na ya tatu. Siku hiyo ya tatu nilimfokea mbele ya watu, nikamwambia anataka kutuua kwa corona. Nikaingia ndani na hasira zangu. Nilipochungulia dirishani alikuwa bado amesimama mlangoni. Manyunyu yalianza, akavuta kitenge juu ya kichwa cha mtoto, akaenda zake.

Na chanjo zilikuwepo! Zilikuwa kwenye frigo ya jua, friji ya umeme wa jua, ukuta mmoja tu kutoka pale aliposimama. Asubuhi na jioni niliandika baridi ya frigo hiyo kwenye karatasi yake, sikuruka hata siku moja. Nilijisifu kwa hilo, mjinga mimi.

Corona tuliyoiogopa haikutupiga kama tulivyodhani. Kilichobisha hodi ni surua. Ilianza upande wa reli, ikafika kwetu. Yule binti aliletwa ana vipele mwili mzima, macho yamegandana, kifua kinapanda na kushuka. Nilimpa kila nilichokuwa nacho. Siku ya tatu, saa nne za asubuhi, aliacha kupumua mapajani mwa mama yake. Mama aliendelea kumpepea. "Amelala, docta," aliniambia. Mungu wangu, nilitamani ardhi inimeze.

Wiki ile ile alikuja msimamizi kutoka zone, akauliza kwa nini sichanji. Nikamwonyesha barua mlangoni, na kiburi changu chote. Akainua karatasi ya juu kwa kidole. Chini yake palikuwa na ukurasa wa pili, niliokuwa nimeupigilia pamoja na wa kwanza: chanjo za watoto ziendelee, waje wachache wachache, wakae mbali mbali. Niliusoma mara mbili.

Corona ilipopoa tuliitwa kwenye semina ya kuimarisha mfumo wa afya. Kila mmoja aandike funzo alilopata. Wenzangu waliandika kwamba pikipiki hazina mafuta, simu hazishiki, mishahara haifiki, na yote ni kweli. Mimi niliandika "mawasiliano yaboreshwe". Wakanipigia makofi. Nilikaa na makofi yale nikajiona mwizi, maana barua yangu mimi ilifika.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Nililificha jambo hilo zaidi ya mwaka, mpaka yule mama aliporudi kwenye kilo na mtoto mwingine, wa kiume. Nilimpima, nikamchanja, nikamwomba mama abaki nyuma. Nikamweleza yote, macho chini. Nilingoja matusi, nilingoja hata kofi. Ningeshukuru.

Alikuwa anamfunga mtoto mgongoni, na hakuacha kufunga.

"Docta, minyi ninajua kusoma," akasema polepole, minyi ndiyo mimi ya kwetu. "Baba yangu alikuwa mwalimu. Ile Jumatano ya tatu nilifunua karatasi, nikasoma yote."

"Sasa juu ya nini haukuniambia, mama?"

"Ulikuwa unakasirika. Nikasema, docta njo anajua. Nikarudia kwangu na mutoto." Mikono yake ikasimama kwenye fundo la kitenge. "Minyi njo nilirudia naye, docta. Nilisoma, na nikarudia naye. Minyi."

Nilimwambia si wewe, mama, si wewe, ni mimi. Nilirudia neno hilo mpaka wenzake waliokuwa nje wakachungulia mlangoni. Lakini alikuwa ameshajihukumu zamani, peke yake, na mimi nilikuwa nimechelewa tena.