Maana ya Midia Mpya
Msahihishaji wa gazeti alizoea kusoma kwa kunong'ona, neno kwa neno, ukucha wa kidole gumba ukitambaa chini ya mstari. Gazeti lilipohamia mtandaoni na mlango wa ofisi yao ukabandikwa kibao cha "Midia Mpya", alimuuliza mhariri maana yake. "Habari kumfikia kila mtu papo hapo, mzee wangu," alijibiwa. Akakuna kidevu, akaendelea kunong'ona makala zilizokwisha kurushwa mtandaoni. Asubuhi moja akakuta humo habari ya ajali ya basi, na picha ya dada yake akiwa amelala kando ya barabara, hana uhai. Akamgeukia mhariri. "Iondoeni, jamani." "Imeshasambaa, mzee. Watu elfu nne wameiona." Akaketi. "Elfu nne," akasema, "na mimi kaka yake nimekuwa wa mwisho."