Yai la Mjamzito

Mpishi wa kantini ana mikono myepesi, ila akija mjamzito inakuwa mizito. Hunawa upya, hubadilisha kisu, hukandamiza yai mpaka kiini kikauke. "Mama, si limeshaiva!" karani mwenye mimba alilalamika jana. "Bado, mwanangu. Vumilia." Akaligeuza tena, macho kwenye kikaango. Mwaka juzi mke wa mwanawe, mjamzito wa miezi sita, alirudi hoi kutoka kazini, na mpishi kwa uvivu akampakulia kiporo cha nyama bila kukipasha moto. "Kula tu, hakijachacha." Mkwe huyo aliharisha na kuwaka homa siku mbili, mimba ikaharibika. Hajawahi kumlaumu. Bado humwita mama, humpokea mzigo mlangoni, na mpishi hutamani siku moja tu afokewe.