Asubuhi ya Mapipa Mawili

Kwenye kiwanja chetu cha ndege, miaka ile ya Zaïre, ukungu ulikuwa na bei. Sisemi bei ya pesa. Nasema kwamba kila asubuhi sisi wanawake tuliokuwa tukipeleka chumvi, sabuni na dagaa wa ndagala Shabunda kwa ndege tulikaa juu ya magunia yetu na kubishana na muzee wa météo, mpima hali ya hewa, juu ya umbali anaouona, kama vile tulivyobishana juu ya beseni la samaki wa sambaza sokoni Kadutu. Yeye alianzia chini, sisi juu, na kila upande ulijua kwamba mwingine anadanganya kidogo, kwa heshima.

Kipimo chenyewe kilikuwa mapipa. Hapo mwanzo tuliahidiwa taa. Walikuja wageni na vyombo vya kupimia vya miguu mitatu, wakachungulia wiki nzima, wakaandika, wakala samaki, wakarudi kwao. Halafu ikaja sherehe. Tulivaa vitambaa vya chama, tukacheza animation, zile ngoma za kusifu chama, mpaka visigino vikauma, na mkubwa mmoja mwenye suti mpya ya abacost akatuambia kwamba ikifika kiangazi kingine ndege zitatua hata katika ukungu mzito kama mchuzi. Mashimo yakachimbwa pande zote mbili za njia ya ndege. Taa zilifika kweli, niliziona kwenye makasha yake. Nyaya ndizo zilizobaki njiani, na ziko njiani hadi leo. Mashimo yakajaa maji ya mvua, vyura wakahamia.

Basi Jumamosi moja ya salongo, kazi ya lazima ya raia, tukaitwa wote tuje na brashi. Tukapaka chokaa mapipa matupu ya mafuta, tukayapanga kando ya njia ya ndege moja baada ya lingine, kwa hatua za polisi mrefu kuliko wote. Maendeleo yetu yakawa mapipa sita. Niliyahesabu mara mbili siku ile, maana asubuhi yalikuwa saba, na la saba lilikuwa limeshaenda kuwa tangi la maji kwa mtu.

Kazi ya muzee wa météo ilikuwa kusimama alfajiri chini ya mfuko wa upepo, kutazama mapipa, na kumpazia sauti bwana wa phonie, yaani wa redio, aliyekaa juu dirishani na kuzungumza na marubani. Akiona mapipa manne, ndege ndogo inaruhusiwa kutua au kuruka. Yakipungua, inangoja. Na ukungu wetu, unaotoka ziwani ukakutana na ule unaoshuka mlima Kahuzi, hauna haraka na mtu.

"Papa, leo ni nne," ndivyo nilivyofungua soko.

"Ni mbili, maman."

"Angalia muzuri. Macho yako ni ya serikali, yanaonaka kadiri ya mushahara."

"Ingekuwa vile, ungenikuta kipofu tangu mwaka jana."

Wenzangu walicheka, mmoja akampa chai, mwingine andazi. Tuliendelea hivyo mpaka jua litoboe. Nikisema tulimshinda hata siku moja, nitakuwa nadanganya. Alikunywa chai yetu, akala maandazi yetu, na mbili yake ikabaki mbili.

Sasa mdogo wangu. Aliolewa na mwalimu wa Shabunda, mahali ambapo lori liliweza kukaa matopeni hata mwezi mzima, kwa hiyo kwenda na kurudi kulikuwa kwa ndege tu. Alikuwa mtu wa kulipa bei ya kwanza. Nikienda naye sokoni nilimpa kikapu nikamwambia asimame mbali, asifungue kinywa, kwani akishasema "sawa" mara moja, siku yangu imeharibika. Siku ya kuondoka kwake, kwenye bascule ambako watu walipimwa pamoja na mizigo yao, alikuwa na kichwa cha cherehani kwenye kikapu. Rubani akasema kilo zimezidi. Nikaanza kumshughulikia rubani: nikamkumbusha unene wake mwenyewe, nikamuuliza kama na huo umepimwa. Nilipogeuka, mdogo wangu alikuwa amevua viatu, amevua vitenge viwili kati ya vitatu alivyojifunga, ameviweka juu ya gunia langu na amepanda ndani miguu mitupu.

"Yaya, utamaliza lini?" akaniuliza mimi dada yake mkubwa. "Sisi tunaenda."

Muzee wa météo alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo, kila nilipofika kiwanjani, aliniuliza kwanza juu yake kabla hatujaanza mapipa. "Yule wa bila viatu, iko sawa?" Nami nikamjibu: iko sawa, ameshapata mtoto, iko sawa, ameshapata wa pili.

Wa tatu ndiye aliyekataa kutoka. Habari ilinifikia kwa phonie ya wamisionari: uchungu umemshika tangu juzi, mtoto amelala vibaya, pale hakuna wa kupasua, ndege itamleta kesho asubuhi, tafuteni gari. Nikatafuta gari. Jirani yetu alikuwa na pick-up. Tukatandika godoro nyuma, mama yangu akaweka juu yake blanketi alilokuwa ameliweka kwa ajili ya wageni. Mama akabaki hospitalini mjini kuwaangalia wale wa kumpokea, ili wasije wakaenda kula. Mimi nikaenda kiwanjani na dereva.

Tulifika kabla hakujakucha vizuri. Dereva alizima taa za gari, na hapo ndipo nilipoona ukungu wa siku ile. Ulikuwa umelala juu ya majani kama pamba ya godoro. Wenzangu wa magunia walikuwa wameshapata habari. Hawakunisalimia kwa mizaha. Muzee alikuwa mahali pake chini ya mfuko wa upepo, koti lake refu limelowa mabegani. Sikuuliza mapipa. Naye hakuyataja.

Ndege tuliisikia upande wa Kahuzi, ndogo, kama nzi ndani ya chupa. Ikaja mpaka juu yetu. Bwana wa phonie akatoa kichwa dirishani.

"Rubani anauliza! Mafuta iko nayo ya kuzunguka mara mbili, tatu, halafu aende Goma. Anataka kujua mapipa!"

Muzee alitazama mbele. Alitazama muda mrefu kuliko kawaida yake. Mama mmoja nyuma yangu akasema polepole, "Papa, ni nne. Leo tusaidie, ni nne." Wengine wakamfuata: nne, papa, nne. Haikuwa soko sasa, sauti zao zilikuwa za kanisani.

Akanigeukia mimi.

"Maman," akasema, "mi naona mbili. Lakini nina macho ya muzee, na ni ndugu yako njo iko kule juu. Leo utasema weye. Ukisema nne, nitamwambia nne."

Miaka yote nilikuwa nikimwomba neno hilo. Nilikuwa nimelipa chai na maandazi kwa ajili yake. Sasa alikuwa amelitoa mwenyewe, bure.

Nikasogea mbele, hatua chache, niwe mbali na sauti za wale wamama. Pipa la kwanza lilikuwa wazi, hata kutu yake. La pili lilikuwa nusu, lakini lilikuwa pipa. Nikatafuta la tatu. Na nikaliona. Weupe fulani chini kabisa, pale pale linapopaswa kuwa. Nikafungua kinywa. Halafu pipa likatembea. Lilikuwa mbuzi wa watu wa karibu na kiwanja, amekuja kula majani ya serikali kama kawaida yake.

Nikafumba macho nikaanza tena. La kwanza. La pili. Baada ya hapo palikuwa na ukungu tu, mweupe sawasawa, na nyuma ya ukungu najua kuna mashimo ya taa upande huu na upande huu, na mwisho wa yote kuna kilima. Nilijua uzito wa ndege ile. Ilikuwa imebeba chumvi yangu mara nyingi. Ndani alikuwamo rubani, alikuwamo infirmière, muuguzi aliyekuja naye, alikuwamo mdogo wangu, na mtoto. Mimi nilikuwa nikibishania mmoja. Hesabu hiyo niliifanya pale pale, nimesimama, na sijui mtu anaifanyaje, lakini ilifanyika.

"Mbili, papa."

"Mbili?"

"Mbili."

Muzee akageuka, akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti kuelekea dirishani kwa sauti ile ile ya kila siku. Ndege ikazunguka mara nyingine, na mara ya tatu, huenda rubani naye alitaka kubishana kidogo. Kila ilipopita juu yangu niliinua uso, ingawa hapakuwa na cha kuona. Halafu mlio ukanyooka, ukaelekea kaskazini, juu ya ziwa, ukawa mdogo, ukaisha.

Dereva alikuja akaniuliza kama tungoje. Nikamwambia tungoje, labda itarudi. Mtu akaniwekea kikombe cha chai mkononi. Kilikuwa bado cha moto nilipoona pipa la tatu, halafu la nne. Ukungu ulipanda wote kwa pamoja, kama mtu anavyovua shuka, na jua likapiga njia ya ndege mpaka mwisho, mapipa sita, mbuzi, kilima, kila kitu. Muzee alikuwa amekaa chini juu ya jiwe, amekipa kiwanja mgongo.

Habari ya Goma ilikuja jioni, kwa phonie ile ile. Walitua salama. Walimfikisha kwa waganga wa hospitali, wakamwingiza ndani, lakini alikuwa ameshachoka mno. Hakupona, yeye wala mtoto. Alikuwa mtoto wa kike.

Infirmière yule nilikutana naye baadaye, alipomsindikiza marehemu kutoka Goma kwa lori, kwa barabara ya kando ya ziwa. Alikuwa msichana mdogo, macho yamevimba. Aliniambia kwamba walipokuwa wakizunguka juu ya kiwanja mdogo wangu alikuwa macho, aliuliza kwa nini hawashuki. Wakamwambia ukungu. Akasema, "Muache, yaya yangu iko pale chini anabishana nayo." Akacheka kidogo, uchungu ukamkata. Nilimuuliza msichana yule swali moja tu: mngeambiwa nne, rubani angeshuka? Akasema ndiyo. Alikuwa ameshageuza pua ya ndege, akingoja neno.

Tulilia Kadutu, kwenye uwanja wa mama yangu, chini ya bâche, turubai la lori. Watu walikuja wengi: wa kanisa, wa soko, walimu wa mjini wanaomjua shemeji. Shemeji mwenyewe hakuwahi kufika. Alikuwa bado Shabunda na watoto, akingoja ndege. Siku ya pili ya kilio aliingia muzee wa météo, amevaa koti lake lile refu, kofia mkononi. Mtu aliyemjua alimnong'oneza mama kwamba yule ni wa kiwanja cha ndege. Mama yangu akainua kichwa. Akamtazama.

"Ni nani aliambia ndege iende?"

Muzee akasogea mbele yake.

"Ni mimi, mama," akasema. "Ni kazi yangu."

Ningeweza kumwachia. Alikuwa ameubeba mzigo mwenyewe, kwa hiari yake, na yeye, tofauti na mimi, mama hangekuwa akimwona kila siku mezani. Bei nzuri kuliko hiyo sijawahi kupewa.

"Hapana, mama," nikasema. "Papa huyu aliniachia mimi niseme. Ni mimi nilisema mbili."

Mama alinigeukia polepole. Anajua mtoto wake. Ndiye aliyenifundisha kuhesabu maharage kwa vikombe, na kuyarudia.

"Ulihesabu mara ngapi?"

"Mara mbili, mama."

"Na la tatu?"

"Halikuwepo."

Aliniangalia hivyo, na mimi nikamwangalia, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na neno la kuongeza juu ya lile nililokwisha kusema. Mwanamke mmoja akaanza wimbo, wengine hawakuufuata, akauacha. Kisha mama akavuta kitenge chake mabegani, akawaambia wasichana waliokuwa wakigawa chai wamletee muzee wa kiwanja kiti, kwani alikuwa bado amesimama.