Makofi ya Mkutano wa Ramani

Mama yangu alishangilia nyumba yake ivunjwe. Siku hizi namtania hivyo, na yeye anacheka, ila wakati ule hakuna aliyecheka.

Ilikuwa miaka ile biashara zimefunguliwa, mimi nauza mitumba mjini, na kila mwenye nguvu anajenga mlimani kwetu, upande wa Ilemela, popote mawe yalipomwachia nafasi. Ikaamuliwa tupangiwe mtaa. Ofisa wa mipango miji, kijana mpole, akaja na ramani, akaibandika kwenye ubao wa darasa, akatuomba maoni.

Maoni! Tangu tupate akili, mkutano kwetu ulikuwa na kazi moja: mgeni akisema, unapiga makofi. Akitaja maji, makofi. Akitaja barabara, makofi na vigelegele. Hiyo ndiyo heshima tuliyofundishwa enzi za chama kimoja. Kwa hiyo kijana alipopitisha kidole kwenye ramani, akasema barabara itapita hapa, Mama alipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika hadi ziwani. Mgeni akashukuru, akaondoka akijua tumekubali wote.

Baada ya siku chache wapimaji wakaja kupigilia kigingi chekundu kati ya jiko la Mama na chumba chake.

"Hiki cha nini, wanangu?"

"Cha barabara, mama. Si ile mliyoishangilia?"

Nyumba ile aliijenga baada ya baba kufariki, kwa dagaa aliokuwa akianika juu ya majabali na kuuza. Hakuwa na pengine pa kwenda. Alikaa kizingitini, akakitazama kile kigingi. Mimi nilifura. Nilitaka niking'oe nikakitupe ziwani.

"Ukiking'oa tutaitwa wakorofi," akasema. "Yule kijana wa ramani anarudi Jumamosi. Tutaongea naye."

Kabla ya Jumamosi alipita nyumba kwa nyumba na agizo moja tu: safari hii hakuna kupiga makofi, mikono ikaliwe.

Kijana alitusalimia, akatutania kidogo, kisha akanyamaza kupisha makofi. Kimya. Mstari mzima wa wanawake mbele yake umekalia viganja. Mwenyekiti wa mtaa, bingwa wa kuanzisha makofi, alikuwa ameshikwa mkono na mkewe. Pamoja na hasira zangu, nilimwonea huruma mtoto wa watu.

"Jamani, nimewakosea nini?"

Mama akasimama, mikono nyuma.

"Hujatukosea, baba. Siku ile tulikupigia makofi kwa sababu ni mgeni wetu. Barabara tunaitaka, ila siyo jikoni kwangu."

Kijana akajiegemeza kwenye meza ya mwalimu. "Kumbe! Na mimi nimeenda kuwaambia wakubwa wangu kwamba mmekubali wote."

Basi midomo ikafunguka. Kila mtu na lake: kisima, choo cha shule, kaburi la mkwe. Wengi wakataja njia ya ng'ombe iliyopita chini ya jabali kubwa, pana na haina nyumba. Akaomba aonyeshwe. Tukateremka naye wote, na viatu vyake vya mjini vikiteleza kwenye mawe, akatazama, akapiga hatua kupima, akasema atakwenda kuitetea.

Aliporudi na ramani mpya, barabara ilikuwa imehamia kwenye njia ya ng'ombe. Nilipumua kama niliyetuliwa gunia la mitumba kichwani. Nikamtazama Mama: machozi yanamtoka, na bado amekalia mikono. Sote tulikuwa tumekalia.

"Hata sasa hampigi?" kijana akauliza, akicheka.

"Tutapiga ikishapita, baba," Mama akajibu.

Ilichelewa kupita, kama mambo yetu yalivyo. Lakini asubuhi greda lilipounguruma chini ya jabali, Mama aliacha moto jikoni, jiko lile lile, akatoka nje. Sijui dereva alifikiri nini kumwona mama mtu mzima amesimama mlangoni kwake peke yake, anampigia makofi.