Kamera Iliyoota Moto

Kila nikisikia harufu ya ngozi iliyolowa umande, moyo hunienda mbio bila sababu. Narudi Ihumwa, enzi ya Mjerumani, nikiwa na miaka minane hivi, asubuhi moja ya kipupwe ambapo upepo ulikuwa unakata masikio.

Kaka yangu Malogo alikuwa amechukuliwa kuwa mpagazi wa vita, na asubuhi hiyo alitakiwa kupanda treni. Mama alikuwa amembembeleza Idi, mfanyabiashara wa Kondoa aliyeachiwa kamera na Mzungu mmoja, aje ampige picha. Kwenye filamu ilikuwa imebaki picha moja tu. Idi alifika na punda wake huku meno yakigongana, akatundika mkoba wa kamera kwenye nguzo ya nje, akaenda kumfunga mnyama.

Mimi sikuweza kutulia. Nilitoka, nikaingia, nikatoka tena. Nikauona ule mkoba wa ngozi ukiyumba kwa upepo, nikauonea huruma. Nikaitoa kamera, nikaipeleka ndani, nikaiweka karibu na mafiga, jicho lake likitazama moto.

Idi aliporudi alishika kichwa. "Nani kaileta humu? Imetoka kwenye baridi, halafu joto ghafla! Tazama, kioo kimeshika ukungu."

Nikakimbilia kukipuliza na kukifuta kwa kaniki yangu. Kikazidi kufifia.

"Basi, mwanangu, basi!" Idi akanizuia. "Tungoje kikauke chenyewe."

"Treni haitungoji!" nikasema, nikaanza kulia.

"Kaa chini," mama akaniambia. Akabandika uji wa uwele.

Vijana wenzake Malogo walipita wakimwita, akawaambia watangulie. Akachuchumaa karibu na mama, wakaongea kwa sauti ya chini. Mara moja nilimsikia akicheka. Mimi nilikuwa mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, nikisikilizia treni.

Honi ililia upande wa mashariki. Tukatoka mbio, kioo kikiwa bado na ukungu. Malogo akasimama ukutani, akitetemeka.

"Tulia! Usipumue!" Idi akapaza sauti.

Alipokuwa anabonyeza, mama akamwendea mwanawe kumfunika blanketi. Kisha Malogo akakimbia kuelekea relini, wala hakugeuka. Hatukumwona tena.

Idi aliileta picha baada ya mvua. Ilikuwa ukungu mtupu, bega moja, na mkono wa mama. Uso haukuwepo. Kwa miaka mingi sikuweza kuitazama.

Nilikuwa nimeshazaa watoto wawili nilipopata ujasiri.

"Mama, ni mimi niliyeiweka kamera motoni."

"Najua. Nilikuona ukiingia nayo."

"Mbona hukunikanya?"

"Mwanzoni sikujua kama ni kosa. Halafu Idi akasema tungoje. Angepigwa picha mapema, angeondoka na wenzake. Lakini alikaa, akanywa uji wote."

Miaka yote ile nilidhani mama alichokuwa anataka ni picha.